Kabla ya risasi na baada yake: mapambano ninayoyapenda katika Miami Vice

(Hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya vijana wa kikundi chetu cha filamu. Wengi mlikuwa kazini mkaomba maandishi. Nimeiacha kama nilivyoisema, isipokuwa vipande vya video, ambavyo hapa nimevieleza kwa maneno.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliokubali kupanda ngazi zote hizi, na ninyi waongozaji, wapiga picha na wahariri vijana: habari za mchana.

Mwenyekiti alinipa mada pana, "mapigano kwenye filamu". Nikamwambia hiyo ni mada ya wiki nzima, mimi nitashika kona moja tu, majibizano ya risasi. Na katika kona hiyo nitashika tamthilia moja ya makachero, ya zamani, iliyokwisha wengi wenu hamjazaliwa. Inaitwa Miami Vice. Televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kuirusha Septemba 1984 na ikaisha 1989, misimu mitano. Makachero ni wawili. Sonny Crockett, aliyechezwa na Don Johnson, ni Mzungu wa Florida. Ricardo Tubbs, aliyechezwa na Philip Michael Thomas, ni Mweusi wa New York. Wanajifanya wauza unga ili wawanase wauza unga.

Kwa nini nimeichagua hiyo? Kwa sababu nimeziangalia kazi zenu. Msikasirike. Kuna moja, mwenyewe yupo hapa na anacheka kwa hiyo anajijua, ambayo adui na watu wake wanafyatua risasi nyingi kuliko za vita vya Kagera, na steringi hachaniki hata shati. Nikajiuliza: risasi zote zile zilikwenda wapi? Nikaangalia kazi ya pili, mambo yale yale. Wanarushiana risasi, wanarushiana risasi, halafu steringi anaweka bastola kiunoni na kwenda kula. Nauliza tena: risasi zote zile zilikwenda wapi? Hazikumpata mpita njia? Hazikuvunja dirisha la mtu? Aliyeua hakutetemeka hata mkono?

Majibizano ya risasi yana kabla yake, yana yenyewe, na yana baada yake. Ninyi mnapiga picha ya katikati tu. Miami Vice inapokuwa kwenye siku zake nzuri, katikati inaipa sekunde mbili tatu. Muda wote uliobaki inaugawa kati ya kabla na baada. Hilo ndilo lililonileta hapa, mengine yote ni mifano.

Mji wenyewe niueleze kwa haraka, maana tamthilia haikutoka hewani. Tarehe 11 Julai 1979, mchana kweupe, watu walishuka kwenye gari la mizigo lililoandikwa ubavuni kama gari la kampuni ya vifaa vya sherehe, wakaingia duka la pombe katika jengo la maduka la Dadeland, Miami. Wakawamiminia risasi wanaume wawili, mfanyabiashara wa kokeini kutoka Kolombia na mlinzi wake, kisha wakatoka wakifyatua ovyo kwenye maegesho. Polisi walipolipata lile gari wakakuta limesheheni silaha na fulana za kuzuia risasi. Mwaka uliofuata Wakuba wapatao 125,000 waliingia Florida kwa mashua kutoka bandari ya Mariel. Fedha za unga zikajaa benki, majengo yakaota ufukweni. Anthony Yerkovich akaibuni tamthilia yake katikati ya hayo, Michael Mann akawa mtayarishaji mkuu. Kila sehemu moja iligharimu takriban dola milioni 1.3, fedha nyingi sana kwa televisheni ya wakati ule. Najua, najua, mtasema "mzee, sisi hatuna hizo". Subirini. Vipande nitakavyovitaja havikuhitaji fedha hizo.

Naanza na kile kilichokwisha haraka kuliko vyote.

Ni sehemu ya nne ya msimu wa kwanza, iliyorushwa Oktoba 1984, inaitwa "Calderone's Return: The Hit List". Calderone ni mfanyabiashara mkubwa wa unga. Ametoa orodha ya watu wa kuuawa na amemkodi muuaji. Muuaji huyo anakwenda nyumbani kwa mmoja wa walioandikwa. Hana haraka. Hana misuli, hana kovu usoni, hana muziki wa kumtisha mtu. Ukikutana naye posta utamwuliza dirisha la stempu liko wapi. Mlinzi anamtolea silaha na kumwamuru asimame. Jamaa anatii, mikono inapanda kidogo, kama ya mtu anayetaka kujieleza. Halafu mkono mmoja unafagia koti, bastola imeshatoka, mbili kifuani, moja kichwani. Imekwisha.

Mmeona wenyewe hapa kwenye kitambaa. Kuna aliyesema, "Rudisha, sikuona." Ndiyo! Hukuona! Na mlinzi naye hakuona. Hiyo ndiyo risasi. Mtu anakufa hajaelewa kinachotokea.

Sasa angalieni jambo la kiufundi, wahariri hasa. Mmezoea kuongeza kasi kwa mkasi: uso, mkono, bastola, uso, moto, uso. Hapa mkasi haukuhitajika, kasi ni ya mtu mwenyewe. Aliyecheza nafasi ile, Jim Zubiena, alikuwa mlengaji wa kweli, mtu wa mashindano ya bastola. Hawakumchukua mwigizaji wakamfundisha kushika bastola. Walimchukua anayejua bastola wakamwambia atembee. Ninyi mnatafuta mwigizaji mzuri wa uso halafu mnampa bunduki anaishika kama mwiko. Mtaani kwenu hakuna askari mstaafu? Hakuna mgambo? Mwiteni, mpeni soda na nauli, awaonyeshe mtu aliyezoea silaha anasimamaje.

Lakini kipande hiki nakipenda kwa sababu nyingine pia, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliozaliwa Dar es Salaam.

Ule mtindo wa mbili kifuani na moja kichwani una jina katika shule za silaha za Marekani. Unaitwa kwa jina la Msumbiji. Kwa nini Msumbiji? Inasimuliwa kwamba wakati wa vita vya ukombozi, mamluki mmoja kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Mike Rousseau, alikuwa uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, ambao leo ni mji wa Maputo. Alipokata kona akakutana uso kwa uso na mpiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, mwenye bunduki ya AK-47, hatua chache tu mbele yake. Rousseau alikuwa na bastola. Akapiga mbili kifuani, mpiganaji hakuanguka. Akalenga kichwa, risasi ikampata shingoni. Hadithi hiyo ikamfikia Jeff Cooper, aliyekuwa askari wa majini wa Marekani na ambaye mwaka 1976 alifungua shule ya kulenga shabaha Arizona. Cooper akaifanya somo. Likaenea kwa polisi, likaenea kwa majeshi, na mwaka 1984 likatokea sebuleni kwa Wamarekani mikononi mwa Zubiena.

Haya. FRELIMO ilianzishwa wapi? Semeni kwa sauti. Hapa hapa, Dar es Salaam, Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa wapi? Kongwa. Nachingwea. Kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi katika mji gani? Huu, Februari 1969. Kwa hiyo yule aliyesimama na risasi mbili kifuani bila kuanguka, huenda aliwahi kula ugali wa nchi hii. Mamluki tunalijua jina lake. Mwalimu wa Arizona tunalijua. Mwigizaji tunamjua. Mpiganaji je? Hana jina, hana mama, hana alikotoka. Kazi yake katika hadithi ile ni kuchelewa kuanguka.

Nani kati yenu ataandika filamu inayoanza upande wa pili wa ile kona ya uwanja wa ndege? Sitaki jibu sasa hivi.

Tuendelee na sehemu ile ile, maana nilisema kuna baada. Muuaji yule yule baadaye anamlenga Crockett. Risasi haimpati Crockett, inampata mkuu wake wa kazi, Luteni Lou Rodriguez, na Rodriguez anakufa. Sehemu ya nne tu! Mtazamaji ndiyo kwanza amejifunza jina lake. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Na walio karibu na steringi, tukidhani, wana bima yake. Miami Vice ikaifuta bima hiyo mapema. Tangu hapo kila mtu akichomoa bastola unakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu umeshajua hawa wanaweza kumwondoa yeyote. Nafasi ya Rodriguez ikachukuliwa na Martin Castillo, aliyechezwa na Edward James Olmos, mtu wa maneno machache na suti nyeusi, na Olmos akapata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Kifo kimoja kiliibadilisha ofisi nzima. Katika kazi zenu mtu akifa, nani anakaa kwenye meza yake kesho asubuhi?

Sasa kabla.

Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, iliyoongozwa na Thomas Carter, kijana Mweusi aliyetokea kwenye uigizaji, kuna kipande ambacho hata asiyeijua Miami Vice amewahi kukiona mahali. Crockett na Tubbs wanakwenda kukabiliana na Calderone. Ni usiku. Wako ndani ya Ferrari nyeusi isiyo na paa. Ile Ferrari yenyewe ilikuwa ya kuigiza, bodi imejengwa juu ya Corvette, gari la Kimarekani, lakini hilo tuliache. Unasikika wimbo wa Phil Collins, "In the Air Tonight", wa mwaka 1981. Hawazungumzi. Kamera inaonyesha gurudumu likizunguka. Inaonyesha taa za barabarani zikiteleza juu ya boneti. Tubbs anatia risasi kwenye shotgani yake, moja, nyingine, bila haraka.

Halafu Crockett anasimamisha gari kwenye kibanda cha simu na kumpigia mke wake waliyeachana, Caroline. Ametoka kugundua kwamba rafiki yake wa kazini ndiye aliyekuwa akiwauza kwa adui. Anamwuliza mkewe jambo moja tu: yale yaliyokuwa kati yetu yalikuwa ya kweli? Anamjibu kwamba ndiyo, yalikuwa ya kweli. Anakata simu na kurudi garini.

Nawauliza, pale pana risasi ngapi? Hakuna hata moja. Pana gharama gani? Gari, barabara usiku, simu ya mezani na kamera iliyofungwa vizuri. Wimbo ndio uliokuwa wa fedha, nakubali. Lakini mkiutoa wimbo mkaacha mngurumo wa injini na yule mtu anayetia risasi, bado mtazamaji atashika kiti. Kwa sababu gani? Kwa sababu anajua wanakokwenda, na sasa anajua pia wanachoweza kukipoteza. Mwanamume anayeelekea kupigana, akasimama njiani kuuliza kama aliwahi kupendwa! Mnataka nini zaidi ya hapo?

Na ninyi hapo mmeweka nini? Mmeweka steringi anavunja vidole, ko ko ko, halafu maandishi mekundu: "VITA IMEANZA".

Zaidi ya hayo, mwisho wa safari ile ni wa kukatisha tamaa kwa makusudi. Calderone anaponyoka. Baada ya barabara yote ile, usiku wote ule na wimbo wote ule, anaruka na ndege, na makachero wanabaki wanaangalia angani. Ndiyo maana tukarudi wiki ya pili.

Niseme kidogo kuhusu sauti, kisha niwaachie. Miami Vice ilikuwa miongoni mwa tamthilia za mwanzo Marekani kurushwa kwa sauti ya stirio. Jan Hammer ndiye aliyezitungia sehemu nyingi muziki wake. Wengi wanakumbuka huo muziki tu. Mimi nataka msikilize mahali muziki unapokatwa. Risasi inapoanza, mara nyingi muziki unanyamaza. Unasikia maganda yakianguka sakafuni. Unasikia viatu. Ninyi hapo ndipo mnapoongeza ngoma mpaka spika zinalia.

Nigeukie silaha yenyewe, maana kuna kisa ninachokipenda na kinaelekea mahali.

Katika misimu miwili ya mwanzo Crockett anabeba bastola kubwa inayong'aa, Bren Ten. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya California, Dornaus & Dixon, na mmoja wa walioshauri ubunifu wake alikuwa nani? Jeff Cooper, yule yule wa Arizona aliyeisambaza hadithi ya Msumbiji. Ilikuwa ya risasi za milimita 10, jambo jipya. Kwenye televisheni ikawa nyota. Kila mwenye fedha akaitaka. Na kampuni ikaanza kuwapelekea wateja bastola bila magazini! Hebu fikirieni: umelipa, umesubiri, umefungua boksi, bastola ya Crockett hii hapa, inang'aa, na hakuna pa kuwekea risasi. Mwaka 1986 kampuni ikafilisika. Hata zile za kwenye tamthilia hazikuwa za milimita 10. Zilikuwa za kipimo cha .45, kwa sababu risasi zisizo na kichwa, zile za baruti tu zinazotumika kwenye filamu, zilikuwa rahisi kupatikana kwa kipimo hicho. Kwa hiyo bastola maarufu kuliko zote kwenye televisheni haikuwa ile iliyosemwa.

Lakini mwaka ule ule wa 1986, tamthilia ikiwa hewani, Miami ikapata majibizano ya kweli. Tarehe 11 Aprili, maofisa wanane wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walilizuia gari la majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Wanane kwa wawili. Kwa hesabu za filamu zenu, hiyo ni kazi ya dakika moja na hakuna wa kuumia upande wa serikali. Ilikuwaje? Magari yalipogongana ofisa mmoja akapoteza bastola yake. Ben Grogan, aliyekuwa mlengaji hodari, miwani yake ikaruka, akawa haoni vizuri. Platt alipigwa risasi mapema, jeraha ambalo madaktari walisema baadaye lingemuua tu, lakini akaendelea kupigana kwa dakika kadhaa na kuua. Grogan na mwenzake Jerry Dove walikufa. Wengine watano walijeruhiwa. Aliyemaliza pambano ni Edmundo Mireles, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umevunjwa na risasi. Alikuwa akiikoki shotgani kwa mkono uliobaki, ameibana miguuni, kisha akachukua bastola akawasogelea. Zilifyatuliwa risasi zipatazo 145, chini ya dakika tano.

Baada ya pale FBI ikaamua kutafuta risasi yenye nguvu zaidi. Ikachagua milimita 10. Ile ile ya Bren Ten.

Kwa nini nimewaeleza haya yote? Ni kwa ajili ya ile miwani. Hakuna mwandishi kati yetu ambaye angeiandika. Tungeandika ujasiri, tungeandika kiapo, tungeandika kaka mtu anayelipiza kisasi. Mtu kupoteza miwani na kubaki anapapasa kwa macho mahali ambapo risasi inaruka, hilo lilitoka kwenye maisha. Ukiandika pambano, tafuta miwani yako. Kitu gani kidogo, cha kipuuzi, kitaharibika sekunde ya kwanza?

Sasa nije kwenye sehemu ninayoiweka juu ya zote. Inaitwa "Evan", ya mwaka 1985, mwishoni mwa msimu wa kwanza.

Inaanza na bunduki ndogo za mfululizo aina ya MAC-10 zikijaribiwa kwenye sanamu za dukani, zile za kuvalishwa nguo. Mfanyabiashara wa silaha, Guzman, anawaonyesha wateja mali yake. Sanamu zinapasuka, vichwa vinaruka, mikono ya plastiki inaanguka, na chini yake unasikika wimbo wa Peter Gabriel wenye ngoma za Kighana zilizopigwa na kikundi cha Ekome. Hakuna mtu anayekufa pale, ila mwili wako unasisimka, kwa sababu umeshaonyeshwa bunduki ile inafanya nini kwa kitu chenye umbo la mtu. Kuanzia hapo kila ikitokea kwenye picha, ngozi yako inakumbuka. Sanamu za dukani Kariakoo zipo, vijana wangu. Hata zilizovunjika zipo, na bei yake mtapatana.

Katika kundi la Guzman kuna askari wa siri, Evan Freed, aliyewahi kufanya kazi na Crockett. Hawa wawili hawaongei. Polepole tunaambiwa kwa nini. Zamani walikuwa watatu. Wa tatu aliwaambia kwamba yeye ni shoga. Evan akamtesa kwa maneno na dhihaka, Crockett akanyamaza, na yule mwenzao siku moja akaingia kwenye hatari ambayo hakupaswa kuingia peke yake, akauawa. Evan tangu siku hiyo anaitafuta risasi. Anachukua kazi ambazo mtu mwenye akili anazikataa. Ukilijua hilo, kila anapoingia chumbani unaanza kuhesabu bastola zilizomo, na unaogopa kwa ajili yake kuliko yeye mwenyewe. Mwishoni risasi inampata, anafia mikononi mwa Crockett, kabla hawajamaliza kuyasema waliyopaswa kuyasema.

Na pale mwisho wakaweka wimbo gani? Peter Gabriel tena. "Biko".

Steve Biko. Kijana wa Afrika Kusini aliyefia mikononi mwa polisi Pretoria, tarehe 12 Septemba 1977. Wimbo ulitoka 1980, na mwaka 1985 ubaguzi wa rangi ulikuwa bado unatawala kule. Sasa hebu tujiulize: tamthilia ya polisi, inayowasifu polisi, kwa nini inamzika polisi kwa wimbo wa mtu aliyeuawa na polisi? Kuna wanaosema ni kukosa adabu, kuchukua kilio cha watu wengine na kupamba nacho kifo cha kubuni. Hoja hiyo ina uzito, na mimi kuna siku naikubali. Siku nyingine naona aliyeuweka alijua anachofanya: yule wa tatu, aliyeuawa kwa kuachwa na wenzake wenye beji, alikuwa anastahili wimbo wa aina hiyo, na hakuna aliyemwimbia. Mjadiliane wenyewe kwenye chai.

Sitaki mtoke hapa mkidhani tamthilia hii haina dosari. Inazo. Maadui wengi ni Walatino na watu Weusi, wiki baada ya wiki, wakati fedha chafu zilikuwa zinalala kwenye mabenki ya Wazungu wenye tai. Misimu ya mwisho ilichoka. Bunduki zikazidi kuwa kubwa, hadithi zikapungua. Msimu wa tatu ulipoanza, 1986, waliilipua ile Ferrari nyeusi kwa kombora, ili waingize Testarossa nyeupe iliyotolewa na Ferrari wenyewe. Hayo ni matangazo ya biashara yenye moto.

Ila mwisho waliupatia. Sehemu ya kufunga, "Freefall", Mei 1989, makachero wanatumwa kumlinda dikteta, Jenerali Borbon, aliyechezwa na Ian McShane, eti kwa sababu serikali inamhitaji. Mnakumbuka Calderone alivyoruka na ndege mwanzoni, wao wakabaki wanaangalia? Safari hii Borbon naye anajaribu kutoroka kwa ndege. Safari hii wanaifyatulia, nayo inalipuka. Wakubwa wanafoka. Crockett na Tubbs wanatupa beji zao. Miaka mitano ya kungoja ili risasi zile ziwe na maana!

Mwisho kabisa, mambo ya kazi, maana najua wiki ijayo kuna kundi linaingia kupiga picha.

Oktoba 1984, mwezi ule ule aliouawa Luteni Rodriguez kwenye televisheni, mwigizaji wa tamthilia nyingine, Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, alikuwa amechoka kusubiri kwenye seti. Akachukua bastola yenye risasi isiyo na kichwa, akajiwekea kwenye panja kwa mzaha na kufyatua. Ile nguvu ya baruti peke yake ilimvunja fuvu. Alikufa. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa kwa sababu kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama kwenye mtutu bila mtu kukagua, na baruti ya risasi iliyofuata ikakisukuma. Oktoba 2021, New Mexico, aliyekufa ni Halyna Hutchins, mpiga picha. Mpiga picha, kama ninyi mliokaa mstari huu wa mbele.

Kwa hiyo: hakuna silaha ya kweli kwenye seti yetu, hata iwe ya mjomba, hata iwe tupu. Tutatumia za mbao na plastiki, moto mtauweka kwenye kompyuta. Barua kwa serikali ya mtaa na kituo cha polisi zipelekwe mapema, na nakala zenye mihuri ziwe mfukoni mwa meneja wa seti, si nyumbani. Majirani waambiwe siku na saa. Mtu mmoja, mmoja tu, ndiye atakayekabidhi bastola za bandia na kuzipokea, na zikimaliza kazi zinafungwa kwenye sanduku; hakuna kutembea nayo barabarani kwenda kununua chipsi.

Nani atakuwa huyo mtu mmoja? Nataka jina kabla hatujanywa chai.